Redio ya Matar Isiyo na Uso

Matar Kheir alipoinunua gari yake, Noah nyeupe iliyotoka Japani, ilikuja na redio inayosema Kijapani. Kila akiwasha gari, mwanamke wa ndani ya redio alimsalimia kwa lugha asiyoijua, na kioo kikamwandikia maneno kama njiti za kibiriti zilizomwagika. Vituo vya Unguja haikuvikamata, ila kimoja tu, nacho kilikoroma kama mtu mwenye mafua. Matar alivumilia mpaka siku kioo kilipozima kabisa, akaenda kwa fundi Msabah pale Mlandege.

Msabah aliing'oa redio ile akapachika nyingine, ya namna ambayo Matar hakuwahi kuiona. Haikuwa na kioo. Ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha na vibanio viwili vya mpira, na katikati uwazi mweusi.

"Mbona umenitilia pengo?" Matar aliuliza.

"Pengo lako hilo litie simu," alisema Msabah. "Simu yako ndiyo uso wake. Ukiiweka, redio inaona na inasema: vituo vya mtandao, ramani, Kurani, utakacho. Ukiiondoa, umeikata kichwa."

Ikawa hivyo. Simu ilikaa pale kwenye vibanio tangu asubuhi mpaka jioni, na wageni aliowachukua uwanja wa ndege kuwapeleka Kendwa au Bwejuu walimsifu. Matar alikuwa mtu wa kusifika kwa machache. Alizaliwa Kiwengwa, akasoma mpaka kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea. Akaosha sufuria katika hoteli za pwani, akafua mashuka, akajifunza udereva kwa kuendesha basi la wafanyakazi, na kwa kila hatua alimshukuru Mola wake bila kelele. Hakuwa msemaji. Redio ndiyo iliyomsemea.

Ila ilikuwa na tabia moja mbaya. Simu ikilia, sauti ya anayepiga ilitoka kwenye spika zote nne, na ujumbe ukiingia, mwanamke wa mashine aliusoma kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia kitabuni. Siku moja Matar amebeba kina mama wa harusini, wamejipamba, wananukia udi, mara mkewe Zeyana akapiga.

"Weye mwanamme, uko wapi?" spika zilipasuka. "Chupi za mtoto ziko garini kwako toka jana! Nyuma, chini ya kiti! Na zile za mikojo usizichanganye!"

Mmoja wa kina mama akainua miguu yake polepole, akachungulia chini ya kiti, akasema, "Kweli bibi, zipo!" Walicheka mpaka wanja ukawachuruzika. Matar alijaribu kuzima lakini programu iliyoiunganisha simu na redio ilikuwa kaidi. Kila gari ikiwashwa iliikamata simu yenyewe, hata ikiwa mfukoni, hata ukiinyamazisha. Tangu siku hiyo alijua kwamba garini mwake hapana siri.

Mtu aliyeipenda redio ile kuliko wote alikuwa mama yake, Bi Mwanakhamis, mkulima wa mwani pale Kiwengwa. Akipanda gari hukaa mbele, akafunga ushungi vizuri kama anayekwenda kupigwa picha, akasema, "Haya, niwekee matangazo." Alikusudia matangazo ya vifo. Hakuyakosa. Aliona ni kumdhulumu maiti, mtu kuzikwa na wewe hukumwombea dua kwa sababu tu hukupata habari. Akisikia jina, alijue asilijue, alisoma Fatiha mpaka mwisho, ndipo akaendelea na mazungumzo.

Bi Mwanakhamis alikuwa na watoto wawili. Matar ndiye wa kwanza. Wa pili, kitinda mimba, alikuwa Abdulhakim, fundi chokaa wa nyumba za zamani Mji Mkongwe, mcheshi, mwenye mikono iliyopasuka kwa chokaa. Mwaka ule Abdulhakim alianza kuvimba miguu, kisha uso. Wakasema ni figo. Akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Mama yake alihamia Mwembetanga, nyumbani kwa mdogo wake Bi Tabia, akawa anakwenda hospitali na chombo cha uji na kurudi nacho kimejaa. Wiki ya mwisho Abdulhakim alipata nafuu kidogo, akamwambia, "Mama, rudi ukauone mwani wako, utaoza. Mie nipo." Bi Mwanakhamis akarudi Kiwengwa kwa siku mbili tu, achukue nguo na kuvuna kilichokuwa tayari.

Alfajiri ya siku ya pili Abdulhakim akafariki hospitalini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Matar alikuwa pembeni yake. Alimshika mkono mpaka ulipopoa, kisha akaenda Mwembetanga kumwambia mama yake mdogo. Bi Tabia alilia kidogo, akajipangusa, akaanza kupanga mambo, kwa sababu mtu akishafariki wanaobaki wana kazi.

"Maiti ataletwa hapa, aoshwe hapa," alisema. "Atazikwa baada ya alasiri. Wewe nenda Kiwengwa ukamlete mama yako. Na nakuapisha, Matar, usimwambie njiani. Mwambie kazidiwa, basi. Presha yake unaijua. Akianguka kwenye gari, huko shamba, nani atamshika? Na afike hapa, tumkalishe, tumshike mikono, mie ndiye nimwambie. Kisha aingie ndani amtazame mwanawe kabla hawajamfunga sanda ya uso. Hilo ndilo atakalobaki nalo."

Ndivyo wafanyavyo watu wa pale. Habari ya msiba haitupwi njiani. Aliye mbali huambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo, na mara nyingi mtu huelewa, lakini hupewa ule mwendo wa kujiandaa.

"Na hiyo redio yako," Bi Tabia aliongeza. "Watu wanaanza kukupigia rambirambi. Usije ukatusemea na mashine yako ile."

Matar alikuwa ameshaliwazia hilo. Alipoketi garini, pole za kwanza zilikuwa zishaanza kuingia na yule mwanamke wa mashine akazisoma zote, "Allah amrehemu ndugu yako," kwa sauti ileile aliyozoea kusomea bei za tiketi. Aliing'oa simu kwenye vibanio, akaizima kabisa, akaitia kwenye mfuko wa mlango upande wake. Uwazi mweusi ukabaki ukimtazama. Alasiri ilikuwa mbali. Aliona amefanya la busara.

Kiwengwa alikuta maji yamekupwa. Mama yake alikuwa mbali huko kwenye vigingi vya mwani, nukta ya khanga miongoni mwa nukta nyingine. Matar alivua viatu, akatembea juu ya mchanga mgumu mpaka akamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Abdulhakim?"

"Kazidiwa. Wamesema uje."

Bi Mwanakhamis alimtazama usoni muda mrefu. Matar aliinamia kikapu akakinyanyua, ili apate pa kuuweka uso wake. Mwani ulitoa maji yakamtiririkia mguuni.

Kila jambo likachukua muda. Alikoga, akavaa, akafunga nguo, akampigia kelele jirani amwangalizie kuku. Simu yake ndogo ya vitufe ilikuwa juu ya meza, na Matar akaichukua kabla yake. "N'takuchajia garini," alisema, akaizima ndani ya mfuko wa kanzu. Uongo wa kwanza ulikuwa mzito kwenye ulimi. Wa pili ulitoka wenyewe.

Walipokuwa wakipita Upenja, Bi Mwanakhamis alielekeza kidole kwenye ule uwazi.

"Redio yako leo ina nini? Mbona iko kinywa wazi?"

"Simu imekwisha chaji, mama."

"Si unaichaji hapohapo?"

"Waya umekatika."

"Na yangu unaichajia wapi?"

Mbele kulikuwa na ng'ombe anayevuka, Matar akashukuru kwa ng'ombe yule, akapiga honi ambayo haikuwa na haja. Mama yake akageuza uso dirishani, akaanza kuvuta uradi. Baada ya muda akasema, "Tukifika Mahonda tupite kwa Maalim Muhiddin. Nataka amwandikie mwanangu kombe, anywe apate nafuu."

"Mama, tutachelewa."

"Kuchelewa wapi? Mgonjwa yuko kitandani, haendi pahala. Au anakwenda?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Angeweza kusema. Baadaye, kwa miezi mingi, akisujudu, Matar aliuona mlango ule uko wazi mbele yake, na mama yake amekaa pembeni akisubiri. Lakini aliukumbuka uapisho wa Bi Tabia, akakumbuka presha, akaikumbuka alasiri iliyokuwa bado. Akasema, "Hapana, mama. Tutapita."

Maalim Muhiddin aliwapokea ukumbini. Alikuwa mzee wa taratibu zake. Alitia udhu kwanza. Akaleta sahani nyeupe, akaipangusa, akakoroga zafarani kwenye kikombe kidogo.

"Jina la mgonjwa?"

"Abdulhakim."

"Mwana wa nani?"

"Wangu mimi, Mwanakhamis."

Akaanza kuandika aya za shifaa, akizunguka kutoka ukingoni mwa sahani kuelekea katikati, herufi nyembamba za manjano. Matar alikaa mkekani akiutazama mkono ule. Maneno ya Mwenyezi Mungu ya kumponya mtu yaliandikwa kwa jina la mtu ambaye wakati huo alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba Mwembetanga, akimiminiwa maji. Alitaka kumwita Maalim pembeni. Alinyanyuka nusu, mama yake akamtazama, akakaa. Sahani ikajaa. Maalim akaiweka juani ikauke kabla ya kuioshea marashi, akasema, "Subirini kidogo. Mbichi haifai."

Dukani kwa jirani, ng'ambo ya ua wa makuti, redio ilikuwa ikiimba. Wimbo ukakatika. Msomaji akakohoa, akaanza kwa ile sauti bapa ambayo Unguja nzima inaijua.

"Matangazo ya vifo. Bibi Tabia Juma wa Mwembetanga anasikitika kutangaza kifo cha mtoto wa dada yake, Abdulhakim Kheir, kilichotokea leo alfajiri. Maiti atasaliwa mara baada ya sala ya adhuhuri, na kuzikwa Mwanakwerekwe. Habari ziwafikie jamaa wote wa Kiwengwa na Tumbatu. Na ndugu yake Matar Kheir, popote alipo, anaombwa afanye haraka."

Maalim aliinamisha kichwa. Matar alimgeukia mama yake, mikono mbele, tayari kumdaka.

Bi Mwanakhamis hakuanguka. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akisoma Fatiha, kama alivyomsomea kila aliyetangazwa, na aliimaliza mpaka amin. Kisha akauliza swali moja.

"Adhuhuri bado kiasi gani?"

Maalim alikitazama kivuli uani. "Karibu waadhini, bibi."

"Nyanyuka," alimwambia Matar. "Endesha."

Alikimbiza gari kama hajawahi kukimbiza. Kwa mkono mmoja alitoa simu mfukoni mwa mlango akaiwasha, ili apige, awaombe wangoje. Programu ikaidaka kabla hajagusa namba. Na spika zote nne zikafunguka, na jumbe za sauti za Bi Tabia zikamwagika garini moja baada ya moja.

"Matar, ukipata hii nipigie. Mzee Ubwa, muosha, anasema mwili umevimba sana na joto hili, hautangoja alasiri. Watazika adhuhuri."

"Matar, washa simu, baba."

"Matar, mbona hupatikani? Washamkosha."

"Nimepeleka tangazo redioni. Gari yako haikosi redio. Na asikie, basi, na asikie njiani. Bora asikie kuliko asimuone. Matar. Matar, uko wapi weye mtoto?"

Bi Mwanakhamis alisikiliza yote, mikono mapajani. Matar alipiga. Simu ililia, ikalia. Mfenesini walisikia adhana. Walipofika Bububu Bi Tabia alipokea, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wamemtoa sasa hivi. Tumemzuia tulivyoweza. Wako msikitini."

"Nani mwengine nimpigie?"

"Wote wamezima simu, wanasali. Dada yuko hapo?"

"Niko," alisema Bi Mwanakhamis, akiisemea hewa ya gari.

Upande wa pili kilisikika kilio, na simu ikakatika.

Mjini kulikuwa na foleni. Walipofika msikitini, kizingitini vilibaki viatu vya watu wawili tu waliochelewa. "Mwanakwerekwe," alisema mama yake. Matar alitaka kumwambia kwamba wanawake hawaendi mazikoni, lakini yeye alikuwa akilijua hilo tangu kabla Matar hajazaliwa. Alimpeleka. Bi Mwanakhamis alibaki garini nje ya ukuta wa makaburi, kioo cha dirisha juu, ushungi umeshushwa mpaka machoni. Matar alikimbia baina ya makaburi, kanzu ameikunja, akakuta mwanandani wa kaburi umeshafunikwa na watu wanapokezana majembe. Wakampisha. Alitupa makonzi yake matatu ya mchanga, na talakini ikasomwa.

Aliporudi garini mikono yake ilikuwa myekundu kwa udongo. Mama yake aliitazama. Aliushika mkono mmoja akaugeuza, akaukung'uta polepole juu ya khanga yake, kama alivyomkung'uta mchanga alipokuwa mdogo, ila hakusema naye neno mpaka Mwembetanga.

Bi Tabia alimpokea mlangoni. Walikumbatiana, na hapo ndipo Bi Mwanakhamis alipolia. Wanawake waliojaa ndani wakalia naye. Matar alisimama barazani na wanaume, akapokea mikono yao, akajibu "amin" kwa kila dua. Hakuna aliyemlaumu. Mmoja alimwambia ilikuwa imeandikwa hivyo, na Matar aliamini kwamba imeandikwa, kwa sababu hiyo ni imani yake. Lakini ulioizima simu ni mkono wake, na hilo nalo aliliamini.

Siku ya khitma, watu walipokwisha kula na kutawanyika, Bi Mwanakhamis alimwita. Hakuwa amesema naye ila salamu.

"Niitie Ubwa."

Mzee Ubwa, muosha maiti wa mtaa ule, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, macho chini, kwa sababu mwenzake ni mwanamke aliyefiwa. Matar akataka kutoka.

"Kaa," mama yake alimwambia. "Na wewe hukumuona alipokuwa tayari kuzikwa." Kisha akamgeukia Ubwa. "Bwana Ubwa, uso wa mwanangu nimeukosa. Hilo limekwisha, Mungu kapanga. Wewe ndiye wa mwisho kuushika. Nambie ulikuwaje."

Ubwa alikohoa. "Alikuwa vizuri, Bi Mwanakhamis. Mwenye nuru."

"Kila maiti mnasema ana nuru. Nambie wa mwanangu."

Mzee yule alifikiri. Akaanza polepole. Alimwambia ndevu zilikuwa zimeota kidogo, hazikunyolewa. Uvimbe wa mashavu ulikuwa umepungua baada ya maji. Palikuwa na alama ndogo ya chokaa nyuma ya sikio ambayo haikutoka kwa mara ya kwanza, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikatoka. Pamba alitia, kafuri alipaka kwenye paji la uso na pua, pahala pa kusujudia. Bi Mwanakhamis alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, kama mtu anayepokea vitu mkononi kimoja kimoja.

"Na macho?" aliuliza. "Yalifumba?"

"Yalifumba."

"Yote mawili?"

"Naam. Yote mawili. Alikuwa kama aliyelala."

Matar aliona shingo ya Mzee Ubwa imeingia mabegani.

"Bwana Ubwa. Mwanangu tangu siku niliyomzaa hajawahi kulala macho yote mawili yamefumba. La kushoto hubaki wazi kidogo. Wenzake wa chuo cha Kurani walikuwa wakimcheka, wakisema anamlinda mwalimu. Nimeshafichwa mara moja. Usinifiche na wewe."

Uani mtu alikuwa akiosha masinia.

"La kushoto," alisema Mzee Ubwa, "halikutaka kufumba lote. Nililibana mara tatu. Lilibaki upenyo. Nimekuficha kwa kuogopa utaumia."

Bi Mwanakhamis aliweka viganja vyote viwili usoni, akavuta pumzi ndefu, akaviteremsha mpaka kifuani.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi ndiye yeye."